Uyoga wa Sindano na Uzi

Jumatatu, saa nne asubuhi, Mtaalamu alikuwa ameketi kwenye hoteli ya chakula nyuma ya stendi, akinywa chai ya mtu mwingine. Mwenye chai alikuwa ametoka nje kupokea simu, na Mtaalamu, ambaye hakupenda kuona kitu kizuri kikipoa bila mwenyewe, alihamia kwenye kiti chake. Alikuwa ameshafika nusu ya kikombe aliposikia maneno yaliyomfanya akiweke chini.

“Uyoga wa kulimwa ninao,” mwenye hoteli alikuwa akimwambia mteja. “Huu wa kwenye mifuko, upo mwaka mzima. Wewe unataka ule wa porini, wa kwenye kichuguu, na huo sina. Mvua ndiyo hiyo inabisha hodi, na anayeniletea kila mwaka kasafiri. Mtu akinionyesha unapoota, nampa atakacho.”

Nampa atakacho. Wapo watu wanaosikia maneno kama hayo na kupita zao. Mtaalamu aliyasikia, akamwangalia yule mama, mjane mnene mwenye sauti ya taratibu ambaye mji mzima ulimwita Mama Hoteli, akaona mbele yake mtu anayeomba kutapeliwa kwa heshima zote.

Tuseme ukweli kuhusu utaalamu wake, maana mwenyewe hatausema. Hakuwa mtaalamu wa kitu chochote. Jina hilo alilipata mwaka alioukodisha ubao wa matangazo wa manispaa kwa mganga wa meno, kisha akaukodisha ubao huohuo kwa adui wa mganga yule. Silaha zake zilikuwa mbili: ulimi na miwani. Ulimi alizaliwa nao. Miwani aliinunua mnadani, ya marehemu mmoja aliyekuwa karibu haoni, vioo vinene kama kitako cha glasi. Akiivaa alionekana msomi mkubwa, ila mwenyewe hakuona zaidi ya ukungu. Hilo halikumsumbua. Alishasema mara nyingi kwamba katika kazi yake cha muhimu ni kuonekana, si kuona.

Kuhusu uyoga wa kichuguu, alijua kile kinachojulikana na sahani. Kila mwaka, siku chache baada ya mvua za kwanza, dada yake aliupika: mweupe, mnene, una kitovu cheusi katikati ya mwavuli, na ladha yake ilimfanya mtu atafune kimya. Mtaalamu alikula, akaramba vidole, akauliza, “Umenunua wapi, Dada?” Dada akajibu, “Sokoni.” Mazungumzo yakaishia hapo kwa miaka kumi na moja.

Alijua pia jambo moja alilosikia kwa wazee wa sokoni. Uyoga wa kichuguu haulimiki. Wa kulimwa huchomoka kama kifungo kilicholegea, lakini wa kichuguu una mzizi mrefu unaoshuka mpaka kwenye chumba cha mchwa. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu haangalii mwavuli, anadai kuona mzizi. Na nyumbani kwao, nyuma kabisa ya ua, kilikuwepo kichuguu. Kilikuwa kirefu kuliko mtu mzima na hakikuwa na kazi yoyote. Mara mbili Mtaalamu alitaka kukibomoa ili apate mahali pa kuweka kiti cha kupunga upepo, na mara mbili Dada alikataa. “Kichuguu hicho ni cha baba,” alisema, kana kwamba marehemu alikijenga kwa mikono yake.

Basi akili ya Mtaalamu ikafanya hesabu yake. Mama Hoteli anataka mahali unapoota. Mahali hapo atauziwa.

Kilichobaki ni suti. Huwezi kumuuzia mtu mlima wa udongo ukiwa umevaa kandambili. Muuza suti za mitumba hakuwa mtu wa maneno matamu, alitaka kitu mkononi, na nyumbani kitu cha thamani kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa na amri juu yake.

Dada alikuwa fundi cherehani. Wiki iliyotangulia alikwenda kumuuguza binti yake aliyejifungua, na kabla ya kutoka alisimama mlangoni na mfuko wake, akasema, “Chakula cha leo kiko kwenye sufuria. Cha kesho utajijua. Ila cherehani yangu usiiguse, hata kuifuta vumbi. Narudi Jumamosi. Nikikuta haipo pale mezani, mimi na wewe basi.”

“Dada, mimi nitaipeleka wapi?”

“Sijasema utaipeleka. Nimesema nisikute haipo.”

Nyumba ile baba yao aliwaachia nusu kwa nusu, na Mtaalamu aliikumbuka nusu yake kila alipoambiwa afue shuka zake. Kwa hiyo hakuogopa kufukuzwa. Lakini “mimi na wewe basi” lilimtisha. Dada alimlea tangu akiwa na miaka saba. Mtaalamu alikulia chini ya meza ya cherehani hiyo, akichezea vifungo, na hakuna binadamu mwingine duniani aliyekuwa bado anamsalimia kwa moyo mweupe. Alijiambia kwamba Jumamosi ni mbali. Leo Jumatatu, biashara Alhamisi, Ijumaa cherehani imesharudi mezani, na Dada hatajua kitu. Saa nane mchana alikuwa na suti ya kijivu, na muuza suti alikuwa na cherehani.

“Ni ya nani?” muuza suti aliuliza, akiupapasa mkono wa mashine, uliofungwa kitambaa chekundu.

“Ya kwangu. Urithi,” alijibu Mtaalamu.

“Sawa. Nitaiweka mpaka Ijumaa,” alisema yule, na hakuuliza tena. Watu wa sindano hawaulizi sana. Wanajuana.

Jumanne nzima Mtaalamu alifanya kazi, jambo ambalo tunaliandika hapa kwa sababu halikuwahi kutokea kabla. Alinunua uyoga wa kulimwa ishirini. Kwa majani ya chai yaliyokolea alipaka kila mmoja kitovu katikati. Kisha akang'oa magugu pembeni mwa mtaro, akaosha mizizi mirefu myeupe, akafungua droo ya Dada, akatoa sindano nyembamba na uzi mweupe. Akaketi kwenye meza ile iliyokuwa tupu, akavua miwani, akaanza kushona. Uyoga sita wa kwanza ulimkatikia mkononi. Wa saba ukashika. Kufikia jioni alikuwa na uyoga kumi na minne wenye mizizi yenye urefu wa mkono, na mishono midogo midogo ambayo hata yeye, akiiangalia kwa karibu, aliitafuta. Alishangaa kujikuta anapiga mluzi.

Jumatano, kabla watu hawajatoka kwenda kazini, aliuchomeka uyoga huo kwenye kichuguu kwa msaada wa msumari mrefu, akapulizia maji ili yaonekane kama umande. Saa mbili na nusu, akiwa ndani ya suti na nyuma ya miwani, alisimama mbele ya Mama Hoteli.

“Shikamoo, Mama. Mimi ni mtaalamu wa uyoga wa asili. Nimesikia una shida.”

“Marahaba,” alisema Mama Hoteli. Alimtazama kuanzia viatuni. “Si wewe uliyekunywa chai ya dereva juzi?”

“Nilikuwa naipima,” alisema Mtaalamu. “Maji ya mji huu yana chokaa.”

Mama Hoteli alikubali maelezo hayo kwa kichwa. Akavua aproni, akachukua pochi, akamfuata. Njiani Mtaalamu alimweleza habari za mchwa, jinsi malkia wao anavyotema mate matamu na mate hayo ndiyo uyoga. Aliyatunga palepale, na aliyapenda. Walipofika kwenye geti la bati, mama akasimama.

“Hii si nyumba ya yule fundi cherehani?”

“Ni dada yangu,” alisema Mtaalamu. “Kwa kweli ni mpangaji wangu. Nimempa chumba kwa kumhurumia.”

“Alaa.”

“Wanawake wa kazi za mikono, unajua tena. Habari za uyoga hazimhusu.”

“Na yeye yuko wapi?”

“Kasafiri.”

“Kasafiri,” alirudia Mama Hoteli polepole. Wakazunguka nyuma ya nyumba.

Kichuguu kilikuwa kimependeza. Hata Mtaalamu, aliyekiona kama ukungu wa kahawia wenye madoa meupe, aliridhika. Mama Hoteli alisogea, akainama kwa shida, akashika uyoga mmoja kwenye shingo, akauvuta taratibu. Ukatoka wote, na mzizi wake, mrefu, mweupe, wenye udongo.

Mama akaugeuza. Akauleta karibu na macho. Akaupindua huku na huku, mpaka Mtaalamu akaanza kusikia jasho likitembea ndani ya suti. Kisha mabega ya mama yakaanza kutikisika. Akafunika mdomo kwa kitambaa, na machozi yakamtoka.

“Pole, Mama,” alisema Mtaalamu kwa upole wa kitaalamu. “Umekukumbusha mbali.”

“Mbali sana,” alisema mama kwa shida. Akakohoa, akafuta macho, akautia uyoga ule kwenye pochi. “Nitakinunua. Kichuguu, ua, kila kilicho chako hapa. Ila unipe mpaka kesho. Kuna mtu lazima nimpigie simu kwanza.”

“Mpigie, Mama. Biashara haina haraka,” alisema Mtaalamu, ambaye alikuwa na siku tatu.

Ile simu hakuisikia, na kama angeisikia hadithi hii ingeishia hapa. Huku upande wa pili mama mmoja, mwenye mjukuu begani, alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Hakushangaa sana, kwa sababu asubuhi hiyohiyo alishapokea simu nyingine kutoka kwa muuza suti aliyekitambua kitambaa chekundu. Kisha akasema neno moja, “Nunua,” halafu akaongeza, “Bei niachie mimi.”

Alhamisi Mtaalamu alikwenda ofisini kwa mwenyekiti wa mtaa, mahali alipochagua Mama Hoteli. Alikuwa ameandaa karatasi yake mwenyewe yenye muhuri aliouchonga kwenye soli ya kandambili, lakini mama aliisukuma pembeni kwa adabu.

“Nzuri sana, mdogo wangu. Ila mimi ni mjane, na wakwe zangu ni watu wa kesi. Nimeandikisha nyingine. Mwenyekiti aipige muhuri wake, iwe halali.”

Mtaalamu nusura acheke. Katika miaka yote ya kazi yake hakuwahi kuona mtu anayetapeliwa akigharamia mwenyewe uhalali wa kutapeliwa. Akaipokea karatasi. Ilikuwa na mistari mingi, na yote ilikuwa ukungu. Angevua miwani angeisoma, lakini mtaalamu gani anavua miwani ili asome? Akaishika mbali, akatikisa kichwa kwenye mstari wa pili, akaguna kwenye wa tano, akatabasamu kidogo karibu na mwisho.

“Umeisoma?” aliuliza mwenyekiti, mzee aliyejulikana kwa kuuliza kila kitu mara mbili.

“Nimeisoma.”

“Umeisoma vizuri?”

“Mwenyekiti, mimi kusoma ndiyo kazi yangu.”

“Na umekubali yote yaliyomo?”

“Yote, pamoja na nukta.”

Akasaini. Aliweka na dole gumba kwa ukarimu. Mwenyekiti akapiga muhuri, na Mama Hoteli akasukuma kwa mguu sanduku la mbao lililokuwa chini ya meza, limefungwa kamba.

“Malipo yako. Sijaweka kidogo. Humo ndani mna kitu unachokihitaji wiki hii kuliko kitu chochote duniani. Fungua hapa ukitaka, mbele ya mwenyekiti.”

Mwenyekiti akasogeza kiti. Mtaalamu alilipima sanduku kwa mkono, akalikuta zito la kutisha. Kitu kizito namna hiyo, kikifunguliwa mbele ya mwenyekiti, kingezaa ada ya shahidi, ada ya muhuri na mchango wa daraja.

“Hakuna haja,” alisema. “Mimi na Mama tunaaminiana.”

Akalibeba mwenyewe. Mkokoteni aliukataa, maana watu wa mkokoteni wana midomo. Lilimkandamiza bega, likamchubua shingo, kola ya suti ikalowa, na kadiri lilivyozidi kumuumiza ndivyo alivyozidi kufurahi. Njia nzima alikuwa akipanga. Atamlipa muuza suti, atairudisha cherehani mezani na kitambaa chake chekundu, na Dada akifika Jumamosi atakuta na zawadi: kitambaa kizuri, labda na viatu. Tena ilimpata furaha ya kweli alipofikiria uso wa Dada. Hilo tuliseme kwa haki yake. Halikuwa wazo la tapeli, lilikuwa la mtoto wa chini ya meza.

Akaingia ndani, akafunga mlango kwa mguu, akalitua sanduku juu ya ile meza tupu. Akakata kamba. Akafunua.

Ndani mlikuwa na cherehani. Kwenye mkono wake kulifungwa kitambaa chekundu.

Mtaalamu akavua miwani. Akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Cherehani haikubadilika.

“Imekaa vizuri hapo,” ilisema sauti kutoka jikoni. “Isogeze kidogo kulia, karibu na dirisha.”

Dada alikuwa amekaa kwenye kigoda, bado na nguo za safari. Hakuwa amekasirika kwa kuonekana, na hilo lilimtia Mtaalamu hofu kuliko kelele.

“Dada. Umerudi mapema.”

“Nilikuwa na ununuzi wa kufanya.” Akatoa karatasi yenye muhuri, akaiweka juu ya meza. “Soma. Safari hii bila miwani.”

Akasoma. Ilikuwa fupi na ilieleweka. Yeye, mdogo mtu, kwa hiari yake na akili zake timamu, anamwachia dada yake nusu yake ya nyumba, ua, kichuguu na vyote viotavyo humo, kwa malipo ya cherehani moja na vyakula vyote alivyokwisha kula kwa miaka kumi na moja. Anayenunua kwa niaba: Mama Hoteli. Shahidi: mwenyekiti. Aliyeuza: sahihi nzuri yenye mkia, na dole gumba.

“Hii ni haramu,” alisema Mtaalamu. “Huu ni utapeli.”

“Wewe ndiye mtaalamu,” alisema Dada. “Mwenyekiti alikuuliza mara tatu.”

Mtaalamu akakaa chini, kwenye sakafu, karibu na miguu ya meza. Mji mzima alikuwa ameshausainisha karatasi zisizosomwa, na kumbe kisima alichokuwa akiwachimbia wenzake kilikuwa na kipimo chake hasa.

“Yule mama alijuaje?”

“Mdogo wangu, yule mama namuuzia uyoga mwaka wa kumi na moja huu. Hakuwahi kuniuliza unatoka wapi, na mimi sikusema. Mahali pa uyoga hapasemwi, hata kwa ndugu. Baba alinionyesha mimi, akanikataza kukwambia wewe, akasema utapauza.” Akakigusa kitambaa chekundu. “Nilimtetea. Nilimwambia hapana, mdogo wangu hawezi.”

“Uyoga gani? Kichuguu chetu?”

“Ulidhani ule unaokula unatoka wapi?”

“Ulisema sokoni.”

“Nauchuma alfajiri, wewe unaamka saa nne. Ungewahi kuamka mara moja tu kwa miaka yote hiyo, ungeniona.” Akaigeukia cherehani. “Uyoga haukuniuma, wala ua. Cherehani ndiyo iliyoniuma. Hiyo ndiyo iliyokuvisha. Niliposikia iko kwa muuza suti, nililia mbele ya mtoto wa siku nane.”

Aibu ilimshika Mtaalamu mwili mzima, na akaona bora aiache imshike.

“Nisamehe, Dada,” alisema mwishowe, na kwa kuwa maneno hayo hakuwahi kuyatumia kikazi, yalitoka yamepinda.

Jioni hiyo mvua ikanyesha. Ikanyesha Ijumaa, ikanyesha Jumamosi. Jumapili alfajiri Mtaalamu alitikiswa bega, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wake akaiona saa kumi na moja. Alimfuata Dada uani akiwa na beseni. Kichuguu chote kilikuwa kimepasuka kwa weupe. Uyoga ulikuwa umesukuma udongo na kujitokeza mia kwa mia, na kitovu cheusi cha kila mmoja hakikuhitaji majani ya chai. Katikati yake ulisinyaa ule kumi na mitatu wa Mtaalamu, umekuwa mweusi, umelegea, uzi mweupe ukining'inia.

Mama Hoteli alikuwa ameshafika, na pochi yake. Mwaka huo ulikuwa wa kwanza kwake kualikwa uani. Mtaalamu alimsalimia huku akiangalia chini.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, Mtaalamu. Malkia wa mchwa hajambo? Bado anatema mate?”

Dada alianza kuchuma. Alipofika kwenye mmoja wa ule uliooza akauchomoa, akaushika kwenye mwanga, akaugeuza kama alivyofanya Mama Hoteli Jumatano ile. Akapitisha kidole kwenye mshono.

“Huu umeushona wewe?”

“Mimi.”

“Kwa mkono?”

“Mashine haikuwepo,” alisema Mtaalamu, na akatamani asingesema.

Dada akauangalia tena, kwa makini, kwa jicho la kazi. “Mishono imelingana,” alisema. “Haivuti. Umeficha na fundo.” Akautia mfukoni mwa gauni, na Mtaalamu hakuelewa kwa nini.

Alielewa saa tatu, baada ya kula. Walikula kimya, kama ule uyoga unavyotaka. Alipomaliza kuramba vidole, Dada akatoa sahani, akaweka mbele yake kikapu cha mashati ya shule, mkebe wa vifungo na ile sindano nyembamba.

“Kodi ya chumba cha nyuma,” alisema, “ni mashati sita kwa siku. Vifungo na pindo.”

“Dada, mimi nipange kwenye nyumba ya baba yangu?”

“Nimekupa chumba kwa kukuhurumia,” alisema Dada. “Nasikia ndivyo inavyosemwa.”

Mtaalamu akaangalia mlango, akaangalia mashati. Suti ilikuwa imesharudi kwa mwenyewe, kama alivyoahidiwa alipoiachia cherehani. Akaivua miwani, akaiweka juu ya meza, akautafuta mwanga wa dirisha. Uzi ukapita kwenye tundu la sindano mara ya kwanza. Baada ya shati la pili, pale upande wa pili wa cherehani, Dada akamsikia anapiga mluzi.